Kinamasi cha Saiwa Kinaanzia Shambani

Wasikilizaji wetu wa Trans Nzoia na Bungoma, najua saa hizi kuna anayekama, kuna anayemvalisha mtoto sare ya shule, na kuna aliyekwisha kufika kwenye foleni ya mbolea, kwa hiyo sitawachelewesha kwa utangulizi. Leo nazungumzia ardhi yetu na viumbe tunaoishi nao juu yake, na msimamo wangu nautoa mapema. Ule ubishi tuliouzoea barazani, kwamba ama tuchague wanyama ama tuchague maendeleo, umetupotezea miaka mingi. Mnyama wa sehemu hizi haangamii kwa sababu askari alisahau kufunga lango la hifadhi. Anaangamia kwa yale yanayofanyika mbali na lango, mashambani mwetu, na kwa sababu yule aliyebebeshwa mzigo wa kuishi naye hakuulizwa wala hakulipwa.

Tuanzie Saiwa. Ukitoka Kitale kwa barabara ya Kapenguria, mwendo wa kilomita ishirini hivi, unakunja kulia kuelekea Kipsaina. Huko ndiko iliko hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini Kenya. Haifiki kilomita tatu za mraba. Wako watu Trans Nzoia, na wananisikia sasa, waliozaliwa katika mashamba ya walowezi yaliyokuwa makubwa kuliko hifadhi hiyo nzima. Ilitengwa mwaka 1974, na ilitengwa hasa kwa ajili ya mnyama mmoja: nzohe.

Nzohe ni swala wa majini. Kwato zake ni ndefu na zinatanuka, ili asizame anapokanyaga matope na nyasi zinazoelea. Akishtuka hakimbilii nchi kavu kama swala wengine. Anaingia majini, anatulia, anaacha pua tu juu. Ndiyo maana huwezi kumtazama kwa gari. Saiwa unatembea kwa miguu, unapanda minara ya mbao iliyojengwa ukingoni mwa kinamasi, unangoja alfajiri au jioni. Ukiwa na subira utamwona pia karasinga, yule tumbili mwenye ndevu nyeupe na paji la rangi ya machungwa, utamwona fisimaji, na utamwona korongo mwenye taji, ndege ambaye Uganda imemweka kwenye bendera yake. Kenya ilipohesabu wanyamapori wake mwaka 2021, hesabu ya kwanza ya nchi nzima, nzohe waliopatikana kote nchini hawakufika 500. Kwa hiyo kinamasi hiki cha kwetu, kilichobanwa na mahindi pande zote, ni cha taifa zima.

Sasa tufikiri pamoja. Serikali ikichora mpaka, ikaweka uzio na askari, inamzuia mwindaji na inamzuia ng'ombe. Maji haiwezi kuyazuia. Kinamasi cha Saiwa kinaishi kwa kijito kinachokipitia, na kijito hicho kinakusanya mvua iliyonyesha juu ya mashamba ya watu. Mkulima akilima mpaka ukingoni, mvua kubwa ya Aprili inabeba udongo wake pamoja na mbolea aliyoitia juzi, inavimwaga kinamasini. Udongo unajaza pale palipokuwa na kina. Mbolea inastawisha magugu ambayo hayakuwa na nguvu hapo awali. Dawa ya kuua magugu na dawa ya viwavi zinafuata njia ileile. Nzohe hajaguswa na mtu, hajapigwa mkuki wala kutegwa, lakini maji aliyokuwa akijifichia yamekuwa tope la kufika magotini.

Halafu kuna miti. Nayasema haya nikijua wengi wenu mmelipa karo kwa mikaratusi, blugamu kama tunavyoiita, na sina nia ya kumlaumu mzazi aliyesomesha watoto kwa nguzo na kuni. Mkaratusi unakua upesi, unanyooka, mnunuzi anakuja mwenyewe. Lakini mti unaokua upesi unakunywa upesi. Ukiupanda mlimani pakavu ni jambo moja. Ukiupanda bondeni, miguu yake ndani ya chemchemi, umeweka pampu isiyozimwa usiku na mchana. Chemchemi nyingi ambazo bibi zetu walichotea maji zimezungukwa na blugamu leo, na wajukuu wanakwenda mbali kutafuta maji. Katika jambo hili maslahi ya nzohe na ya mama mwenye mtungi ni yaleyale.

Nimeishikilia Saiwa kwa sababu kuna kitu kilichofanyika pale ambacho nchi hii haijakisifu vya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakulima wa Kipsaina walijiunga wakaunda kikundi cha kuhifadhi korongo na vinamasi. Walikuwa watu wa ekari mbili, ekari tatu, wasio na helikopta wala ofisi yenye zulia. Waliona korongo anatoweka, na korongo hutaga kinamasini. Ukikausha kinamasi, hana pa kutagia. Ukiwa na njaa utayala mayai yake, au utamkamata kinda umuuze. Wale wakulima walijua kwamba kumwambia jirani aache kulima kinamasi bila kumpa kingine ni kupoteza wakati. Wakaanzisha vitalu vya miche ya kienyeji, wakachimba mabwawa ya samaki, wakatundika mizinga ya nyuki, wakapanda nduma pale panapokubali nduma. Jirani akapata cha kuuza huku kinamasi kikibaki na maji. Korongo wakarudi. Leo korongo huyu amewekwa na wanasayansi wa dunia katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka, tangu mwaka 2012, na kazi ya kumbakisha Trans Nzoia imefanywa zaidi na mikono ya wakulima kuliko na bunduki ya askari.

Mtu ataniuliza, kwani tumepoteza nini hasa katika kaunti zetu? Hizi ni nchi za mahindi. Kenya Seed ilianzia Kitale mwaka 1956, na mbegu zake zimelisha nchi. Hilo ni kweli na ni fahari yetu. Lakini nataka mjue na upande mwingine, hasa vijana. Mnapokwenda Eldoret mnapita Soy. Pale Soy palikuwa na twiga. Si hadithi ya kale ya babu na bibi, ni mambo ya miaka ya 1970. Palikuwa na shamba kubwa la mifugo, na ndani yake walibaki twiga kiasi cha 130 wa aina ile inayoitwa Rothschild, yenye miguu myeupe kama imevaa soksi. Shamba lilipochukuliwa ili wagawiwe wakulima wadogo, ilionekana kwamba twiga hawatakuwa na pa kukaa. Wanandoa Betty na Jock Leslie-Melville walimchukua mmoja mchanga, wakamwita Daisy, wakampeleka nyumbani kwao Lang'ata, Nairobi, na kutokana naye kikazaliwa kituo cha twiga ambacho leo watoto wa shule wanapelekwa kwa basi kwenda kukitazama. Wengine walihamishiwa Nakuru.

Mtoto wa Moi's Bridge anapanda basi, anasafiri saa saba, anakwenda kumlisha twiga ambaye nasaba yake ilitoka umbali wa kutembea kutoka kwao. Siwalaumu waliogawiwa ardhi ile. Walikuwa na haki ya kupata ardhi, tena walikuwa wameinyimwa kwa miaka mingi na wakoloni. Kinachoniuma moyoni ni kwamba wakati wa kugawa, ekari zote zilipimwa kwa ajili ya jembe. Hakuna aliyesema tuache ukanda mmoja, tuache bonde moja lenye migunga, wenyeji walimiliki na walipwe na wageni watakaokuja. Tuligawa mpaka senti ya mwisho. Fedha za twiga zinaingia Nairobi na Nakuru.

Twende sasa mlimani, maana mlima ndio mama wa yote haya.

Mlima Elgon tunaugawana na Uganda. Kilele kirefu kuliko vyote, Wagagai, kiko upande wa Uganda, mita 4,321. Kwetu tuna Koitobos, mita 4,222. Sehemu ya msitu upande wa Trans Nzoia ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na ukiingia kwa lango la Chorlim, karibu na Endebess, utapelekwa kuliona pango la Kitum. Ndani ya pango lile tembo huingia usiku, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mikonga, mtoto akimfuata mama, hata wafike mbali ndani ya mlima. Wanafuata chumvi. Mvua nyingi ya Elgon huosha chumvi kutoka kwenye udongo, na majani ya msituni hayana ya kuwatosha. Kwa hiyo wanaukwangua ukuta wa pango kwa pembe zao, wanautafuna mwamba. Mwingereza Ian Redmond aliwachunguza miaka ya 1980, na picha za tembo hao zikazunguka dunia nzima. Wasabaoti, wenyeji wa mlima huu, walikuwa wakijua siku zote. Mababu zao walikaa katika mapango yaleyale pamoja na mifugo, na walichukua chumvi hiyohiyo kuwalisha ng'ombe. Binadamu na tembo walichimba mgodi mmoja kwa karne nyingi, na mgodi haukuisha.

Kilichokuja kuwamaliza tembo ni bei ya pembe. Miaka ya 1970 na 1980 majangili waliwaua hovyo, hata kuna mapango ambayo tembo waliogopa kuyaingia. Waliobaki wanaendelea kujikongoja, wakitembea kati ya Trans Nzoia na Bungoma bila kujua kwamba wamevuka mpaka wa kaunti.

Kuhusu maji ya mlima huu nitasema kwa ufupi, kwa sababu mnayanywa. Mto Nzoia unakusanya maji ya Elgon na ya Cherangani, unapita Webuye, unapita kwenye miwa ya Bungoma na Mumias, unakwenda kuwafurikia ndugu zetu wa Budalangi kabla ya kuingia Ziwa Viktoria. Mto Suam unatoka ndani ya kasoko ya mlima, unageuka kuwa Turkwel, unapita kwenye bwawa la umeme lililokamilika mwaka 1991 lenye uwezo wa megawati 106, kisha unafika Ziwa Turkana, nchi isiyoona mvua. Taa nyingine za Kenya zinawaka kwa maji yaliyohifadhiwa na msitu wa tembo. Anayesema msitu ule hauna faida kwa sababu haujalimwa, na amwulize Mturkana.

Na sasa hivi msitu wenyewe unatumiwaje? Hapa ndipo penye ugumu. Mlimani tuna misitu miwili iliyokaa bega kwa bega. Kuna msitu wa asili, wa podo, mtarakwa, mzeituni wa Elgon na mianzi. Kuna na msitu wa kupandwa, wa saiprasi na misonobari, uliopandwa ili ukatwe. Mimi sina ugomvi na kukata saiprasi iliyokomaa. Mji wa Webuye ulijengeka kwa kiwanda cha karatasi kilichoanza miaka ya 1970 na kusimama mwaka 2009, na aliyeuona mji ule ulivyozimika anajua maana ya msitu kuwa kazi na ujira. Serikali ilipopiga marufuku ukataji mwezi Februari 2018, mafundi wa mbao wa Kitale na Kimilili walifunga karakana, na miti iliyoiva ikaozea imesimama. Rais William Ruto alipotangaza Julai 2023 kwamba marufuku inaondolewa, wengi walishangilia. Nami naelewa.

Lakini marufuku ya jumla na ruhusa ya jumla zina kasoro moja: zote mbili hazitofautishi msonobari na mzeituni. Lori likiwa na karatasi ya kubeba saiprasi linaweza kubeba na mzeituni wa miaka mia mbili chini yake. Barabara ya lami ya Kitale kwenda Suam imetusaidia sana, mazao yanafika sokoni bila kuharibika, na inamsaidia vilevile mwenye gunia la makaa ya mti wa asili. Dawa yake ni kuhesabu miti ya asili na kuiwekea alama mmoja mmoja, kituo kwa kituo, na chama cha wenyeji cha misitu kiwe na daftari lilelile alilonalo afisa wa misitu. Kuhesabiana ndiko kunakomzuia mtu.

Liko jingine ambalo wakulima wa kando ya msitu mnalijua kuliko mimi: shamba la msituni. Unapewa nusu ekari mahali palipokatwa miti, unapanda mahindi na viazi huku unatunza miche ya saiprasi, na baada ya miaka mitatu hivi miche ikishafunika, unaondoka. Mpango huu ulifutwa, ukarudishwa, ukafutwa, ukarudishwa tena. Kila serikali inapoufuta inasema wakulima wanaharibu msitu. Mimi naona mpango wenyewe una tundu. Miche ikistawi, mkulima anapoteza shamba. Miche ikifa, anaongezewa mwaka. Sasa mtu mwenye watoto watano, asiye na ardhi, unamtaka aombee mche upone? Tungemlipa kwa kila mche ulio hai mwisho wa mwaka wa tatu, fedha mkononi, kisha yeye ndiye awe wa kwanza kupewa sehemu nyingine, mngeona jinsi miche inavyolindwa hata dhidi ya mbuzi wa jirani.

Sasa nifike Chepkitale, na hapa naomba tusikilizane kwa upole, kwa maana kuna damu iliyomwagika.

Juu ya msitu, upande wa Bungoma, kuna nyika ya baridi iitwayo Chepkitale. Ni makao ya Waogiek, wafugaji na watu wa asali. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa kuwashusha na kuwapa makazi kule Chebyuk, ndani ya ardhi iliyotolewa kutoka msituni. Ugawaji ule uliingiliwa, ukarudiwa, majina yakabadilishwa, wengine wakapata mara mbili na wengine wakakosa. Chuki ikalelewa miaka thelathini na zaidi. Kuanzia mwaka 2006 ikalipuka. Kundi lililojiita la kutetea ardhi ya Wasabaoti likaua watu zaidi ya 600, likakata watu masikio. Machi 2008 jeshi likaletwa kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, nayo ikaacha vilio vyake: vijana waliopotea, waume ambao wake zao wanawatafuta hadi leo. Nayakumbusha haya kwa kuwa kuna wanaodhani habari za mipaka ya misitu ni za wataalamu wa ramani. Kule Mlima Elgon, mstari uliochorwa vibaya umezika watu.

Mwaka 2000, katikati ya hayo yote, Chepkitale ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama. Waogiek wakaambiwa wao ni wavamizi nyumbani kwao. Walitimuliwa, nyumba zao zikachomwa, wakarudi, wakatimuliwa tena. Wakaenda mahakamani. Septemba 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kwamba ardhi ile ni ya jamii hiyo. Nataka kila mwanafunzi wa sheria Bungoma aisome hukumu ile, kwa maana inagusa kiini cha ninayoyasema leo. Waogiek wa Chepkitale wamejiandikia sheria zao wenyewe: hakuna kuchoma makaa, hakuna kuwinda, hakuna kulima mashamba ya biashara kule juu. Wana walinzi wao wanaozunguka. Wazee wao husema tembo huja kukaa karibu na maboma kwa sababu jangili hathubutu kufika penye watu. Nyika ile imebaki nyika kwa sababu kuna wenyewe wanaoihitaji ibaki hivyo: nyuki wao wanaitegemea, na ng'ombe wao pia. Ukimwondoa mwenyewe, unamwachia mlango jangili.

Kuna mtu ataogopa kwamba wakishapata hatimiliki watauza. Hofu hiyo nimeisikia mara nyingi. Hati ya ardhi ya jamii haiuzwi na mtu mmoja mmoja kama ploti ya mjini, na hata hivyo, hofu ya kesho haimpi mtu ruhusa ya kudhulumu leo.

Nirudi kwa mkulima wa Endebess, wa Kaptama, wa Cheptais, anayeamka na kukuta tembo wamelala mahindini. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iko wazi: aliyeuawa na mnyama, familia yake ilipwe shilingi milioni 5. Aliyepata ulemavu wa kudumu, milioni 3. Aliyejeruhiwa, hadi milioni 2. Mazao nayo yamo. Ni sheria nzuri, na ninawapongeza walioiandika. Taabu iko kati ya karatasi na mkono. Fomu inajazwa, inapelekwa kwa kamati ya kaunti, inapelekwa Nairobi, inalala. Mjane anazika, anafuatilia mwaka, anafuatilia mwaka wa pili, nauli inamwishia. Huku mahindi yaliyoliwa Julai ndiyo yaliyokuwa yalipe karo ya Januari. Mtu wa namna hiyo ukimwambia ampende tembo unamtusi. Mimi ningependekeza madai ya mazao yamalizwe hapahapa kaunti, ndani ya msimu mmoja, kutoka kwenye mfuko unaochangiwa na kiingilio cha hifadhi pamoja na makampuni yanayouza maji na umeme wa mlima. Msitu wa tembo wa Elgon unawafaidisha watu wa Nairobi wenye taa. Basi watu wa Nairobi walipe gunia la mtu wa Endebess.

Na sisi huku chini tuna deni letu. Kanuni za maji zinakataza kulima ukingoni mwa mto, angalau mita sita kila upande, na zinaweza kufika thelathini. Wengi hatuziheshimu. Sisemi hivyo kwa ukali, kwa sababu najua hesabu inayofanyika kichwani mwa mwenye ekari mbili: hizo mita sita ni chakula. Basi tuifanye hesabu hiyo wazi. Shamba likipakana na mto kwa urefu wa mita mia moja, mita sita za ukingo ni mita za mraba 600, yaani sehemu moja ya saba ya ekari. Kwa anayevuna magunia ishirini kwa ekari, ni magunia matatu hivi. Si kitu kidogo. Magunia matatu ni miezi kadhaa ya ugali kwa nyumba ya watu sita, nami sitakubali mtu yeyote kutoka mjini aje aseme ni kidogo.

Ila tazameni na upande wa pili wa daftari. Ukingo uliolimwa unamomonyoka, na kila msimu unapoteza mstari mmoja wa mahindi bila kupata chochote. Ukingo wenye nyasi za kukatia ng'ombe, mianzi na miti ya kienyeji unashika udongo, unabeba mizinga, unalisha ng'ombe wawili wa maziwa wakati wa kiangazi. Na kama kaunti ingewapunguzia wenye mashamba ya kingo za mito bei ya mbegu au mbolea kwa kiasi cha yale magunia matatu, ukanda mrefu wa kijani ungerudi kutoka Elgon hadi Saiwa na hadi Nzoia. Korongo angepita. Karasinga angepita, maana yeye hahitaji msitu mpana. Anahitaji miti iliyoshikana kando ya maji. Mnyama ambaye sasa amefungiwa kwenye kilomita tatu za mraba angeweza kumfikia mwenzake, akazaa na damu mpya. Kazi hiyo haihitaji kumhamisha mtu hata mmoja.

Trans Nzoia ina watu karibu milioni moja kwa hesabu ya mwaka 2019, na Bungoma zaidi ya milioni 1.6. Hakuna hifadhi mpya itakayokatwa katikati yetu, wala sitaki ikatwe. Ardhi iliyobaki kwa wanyama ni ile iliyo mikononi mwenu: kingo, mabonde, chemchemi, mipaka ya mashamba. Kaunti zetu mbili zinapoitisha mikutano ya wananchi kuhusu bajeti, tunakwenda kuomba barabara, zahanati na daraja, nasi tuna haki ya kuviomba. Safari ijayo, mtu mmoja katika kila wadi asimame aombe fungu la kingo za mito, liandikwe kwa jina lake na kiasi chake. Aombe pia daftari la madai ya mazao libandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya chifu, lionyeshe nani aliandikisha lini na amelipwa lini.

Laini zetu za simu sasa ziko wazi, na wenye ujumbe mfupi tutausoma. Wanasiasa naomba msubiri kidogo. Nataka kumsikia kwanza mkulima anayelima kando ya mito ya Koitobos, Kuywa, Saiwa au Nzoia yenyewe. Atuambie kati ya mstari wake wa mwisho wa mahindi na maji pamebaki hatua ngapi, na kama hapajabaki, ni kitu gani hasa kingemwezesha kuziacha.